Watoto Wetu na Njia za Kujifunza Nyumbani

(Hotuba ya Halmashauri ya Elimu, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu, Mombasa)



Twajua kwamba wengine wenu mmetoka shifti ya usiku na kuja hapa moja kwa moja, macho yamejaa usingizi; kwa hiyo hatutawaweka sana.

Wapo watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina nini na masomo ya watoto? Jawabu letu ni fupi. Tunapodai nyongeza ya mshahara, hatudai ili tule tukalale. Sehemu kubwa ya fedha ile huenda kwa watoto: sare, vitabu, chakula cha mchana, nauli. Ikiwa shilingi tulizozipigania zampeleka mtoto skuli, na jioni sisi wenyewe twamvunja moyo, basi twajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto.

Tuanze na jambo lililotokea kwetu. Mwenzetu mmoja, mtu wa makontena, alikuja ofisini na neno moja tu. Alisema amechoka kumgharimia mwanawe wa Gredi ya 5 asiyeshika kitu, na alitaka tumsaidie kumtafutia kibarua. Mtoto mwenyewe ana miaka 11! Mwalimu aliandika katika ripoti kwamba hana bidii. Baba akaongeza fimbo. Ndugu zake nao wakampa jina la kumcheka.

Kwanza tulimkumbusha kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inakataza mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa kazi yo yote, na kwamba Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Chama kinachopigania sheria ya kazi hakiwezi kuwa cha kwanza kuivunja. Kisha tukamwuliza: je, nyumbani mtoto huyu hawezi cho chote? Akasema, la, ukimtuma dukani vitu saba hasahau hata kimoja, na chenji huihesabu kichwani. Tukamwambia: mwenye kichwa hicho si mjinga, mpeleke akapimwe macho. Alipopimwa, ikaonekana kwamba ubao wa skuli kwake ulikuwa ukungu mtupu. Akapata miwani, akaketishwa mbele. Hatusemi amekuwa wa kwanza darasani. Twasema anasoma, na habari ya kibarua imekwisha.

Ndugu, wangapi nyumbani mwetu wanapigwa kwa kosa la macho yao?

Siku hizi, katika mikutano ya wazazi, husemwa kwamba watoto ni wa namna mbalimbali: yuko mtoto wa macho, ajifunzaye kwa kuona, yuko wa masikio, ajifunzaye kwa kusikia, yuko wa kusoma na kuandika, na yuko wa mikono, ajifunzaye kwa kutenda. Mpango huu wa namna nne uliandikwa na mwalimu wa New Zealand, Neil Fleming, pamoja na Colleen Mills, mwaka 1992. Ndani yake mna neno la kweli, nalo ni kwamba watoto hawafanani, na mwalimu wa njia moja huwaacha wengi nyuma. Lakini watu wamelizidisha. Wengine sasa wampa mtoto jina kama chapa ya ng'ombe: "Huyu wangu ni wa mikono, vitabu si vyake." Hapo dawa imegeuka sumu.

Mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake watatu, walipitia uchunguzi uliokuwa umefanywa juu ya jambo hili. Waliona kwamba watu kweli wana njia wanazozipenda zaidi. Lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa njia aipendayo tu. Kupenda ni jambo moja, na kufaidika ni jingine.

Sisi watu wa bandari hatuna haja ya kwenda mbali kulifahamu hili. Kumbukeni jinsi kila mmoja wetu alivyojifunza kazi. Ishara za mikono anazopewa dereva wa kreni tulijifunza kwa macho, maana katika kelele zile sauti haifiki. Fundo la kamba tulijifunza kwa mikono, kwani hata ukielezwa mchana kutwa hulijui mpaka ulifunge mwenyewe. Mambo ya usalama tuliambiwa kwa mdomo, na sababu zake tukaelezwa. Hesabu ya mizigo karani aliijua kwa kalamu na karatasi. Hakuna serahangi aliyesema, "Huyu ni mtu wa masikio, asisumbuliwe kutazama kreni." Mtu huyo asingemaliza siku yake ya kwanza salama. Kazi yenyewe ndiyo ichaguayo njia.

Na masomo ni vivyo hivyo. Ramani yataka macho kwa kila mtoto. Matamshi yataka masikio kwa kila mtoto. Kupima lita kwataka mikono na maji. Na jambo lililo gumu lataka njia mbili tatu pamoja, ili mtoto asipoingia kwa mlango huu aingie kwa ule.

Basi, tofauti za kweli kati ya watoto ni zipi? Sisi twaona ni hizi. Mmoja haoni vizuri au hasikii vizuri. Mwingine ni mwerevu wa maneno, lakini herufi hazimkalii. Hali hii huitwa disleksia, wala si uvivu. Mwingine amefundishwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani. Mwingine hakufahamu somo la mwaka jana, na la mwaka huu limejengwa juu ya lile. Mwingine analala na njaa, au halali kwa joto na kelele. Kila mmoja ana dawa yake, na fimbo si dawa ya hata mmoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza skulini adhabu ya kuumiza mwili na ya kutesa moyo; itakuwa aibu kama mtoto ataikimbia skulini na kuikuta kwa babaye.

Mwenye shaka asikae na shaka yake. Tangu mwaka 1984 nchi yetu ina vituo vya kuwapima watoto wenye shida za kujifunza, vijulikanavyo kwa herufi EARC. Iko pia Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, huko Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1986. Mwulize mwalimu mkuu akuelekeze kituo kilicho karibu. Kuuliza si ujinga.

Sasa tuseme juu ya kazi ya nyumbani kwa mtu asiye na wakati wala fedha.

Jambo la kwanza: funga kitabu, mwambie mtoto akueleze. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari wasome. Wengine waliisoma tena. Wengine waliambiwa waandike yote wanayoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Lakini baada ya juma moja, waliojikumbusha walikumbuka sehemu 56 katika 100, na waliosoma tena sehemu 42. Tazameni faida ya jambo hili kwetu. Mzazi asiyejua kusoma aweza kuifanya kazi hii sawasawa na karani. Kaa, sikiliza, uliza "kwa nini?" Mtoto aeleze kwa lugha ya nyumbani, ikiwa ni Kigiriama, Kikamba au Kiluo. Akikwama, afungue kitabu atazame, akifunge tena, aendelee.

Jambo la pili: kidogo kidogo. Dakika 15 kila jioni ni bora kuliko saa mbili za Jumapili kwa kufokeana. Na la juzi liulizwe tena leo, hata kama jana alilijua. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la tatu: njia nyingi kwa jambo moja. Tuchukue nusu na robo, zinazowaliza watoto wengi. Mpe mtoto chapati aikate mwenyewe vipande viwili, kisha vinne. Achore duara katika daftari na kuligawa vivyo hivyo. Aandike 1/2 na 1/4. Mwisho akuambie kwa mdomo kwa nini 1/4 ni ndogo kuliko 1/2, ingawa 4 ni kubwa kuliko 2. Amekwisha kutumia mkono, jicho, kalamu na ulimi, na gharama yake ni chapati moja, ambayo baadaye italiwa.

Jambo la nne: kazi za nyumbani ni darasa. Wengi wetu tulisoma kwa mpango wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na mtihani wake wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala mpya, uliojaribiwa mwaka 2017 na kuanza nchi nzima mwaka 2019, wataka mtoto aonyeshe awezalo kutenda. Wazazi wamelalamika juu ya gharama ya vifaa, na malalamiko hayo yana haki. Lakini si kila kitu hununuliwa. Kopo la maziwa hupima, vizibo vya chupa huhesabu, na mtoto anayepima unga, anayeandika matumizi ya juma, anayesoma kwa sauti maneno yaliyo juu ya pakiti ya dawa, huyo yumo katika masomo.

Jambo la tano lahusu shifti. Baba atokaye kazini alfajiri hulala mchana, na nyumba ni chumba kimoja. Mtoto akirudia masomo kwa sauti, baba huamka, akinyamazishwa, hajifunzi. Wala si haki kumlaumu mmoja wao. Majirani katika nyumba moja wakubaliane: baraza moja, saa moja, watoto wote pamoja, na mkubwa wao awaongoze wadogo. Mkubwa naye hufaidika, maana afundishaye wenzake hujifunza mara mbili.

Ndugu, limebaki la chama chenyewe. Sheria ya Kazi yatupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, kwa malipo kamili. Haki hizi si za kulala tu. Tunaomba mkutano huu ukubali mapendekezo mawili. La kwanza, kwamba katika mazungumzo yajayo na waajiri tudai mzazi aruhusiwe kubadilishana shifti na mwenzake siku ya mkutano wa skuli, bila kukatwa mshahara. La pili, kwamba kila mwanachama, kabla ya muhula ujao kuanza, ahakikishe mtoto wake amepimwa macho na masikio.

Nasi wenyewe tuahidiane la tatu, lisilohitaji kura: neno "mjinga" lisitoke tena kinywani mwetu juu ya mtoto. Mtu mpya akikosea kufunga mzigo, hatumwambii arudi kwao. Twamwonyesha tena, na tena, kwa njia nyingine, mpaka mkono wake uzoee. Tunayemvumilia hivyo ni mtu mzima tusiyemjua. Mtoto wetu hastahili kupata pungufu ya hayo.