Mboga za Wima na Imani ya Mlaji

Voi, mji mkavu unaozidi kupanuka kando ya reli na barabara kuu ya Mombasa, kwa miaka mingi umepata mboga kutoka milima ya Taita, hata jina la Wundanyi, mji wa milima hiyo, likawa dhamana sokoni. Si ajabu, basi, baadhi ya walaji kuzitilia shaka mboga zilizooteshwa wima, ama katika magunia kama yale yaliyoenea katika mtaa wa Kibera mwaka 2008, ama katika mabomba ya maji pasipo udongo. Shaka hiyo ni haki yao, na dawa yake ni kuwadhihirishia asili ya maji, usafi wa mbolea na bei ya insafu. Mkulima wa mjini na afungue lango lake, na serikali ya kaunti iyapime maji hayo hadharani, kwani uaminifu ndio rasilimali ya kwanza ya muuza chakula.