Sakafu Inayovuja: Mafunzo kutoka Nyumba za Ujiji

(Nakala ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)

Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kila mwenye nyumba ya sakafu hulijua tangu usiku wa mvua ya kwanza: tone linaloangukia kitandani, beseni linalotegwa chini yake, na fundi anayeitwa asubuhi. Mara nyingi fundi huyo huja na mfuko mmoja wa saruji, akapanda juu, akapiga niru mahala palipoonekana pabovu, akalipwa na akaondoka. Mvua ya pili ikija tone hurudi, na pengine huwa limehamia juu ya kabati la nguo. Hapo mwenye nyumba humlaumu fundi, naye fundi huilaumu saruji. Inafaa ieleweke kwamba aghlabu saruji haina kosa. Kosa ni kuziba kabla ya kuyapa maji njia ya kutokea.

Ili jambo hili libainike, hapana budi kwenda mbali kidogo, hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita chache kutoka mji wa Kigoma. Ujiji si mji mgeni kwa watu wa Visiwani. Ulikuwa kituo kikuu cha ziwani cha njia ya misafara iliyoanzia pwani inayoelekeana na Unguja na kupitia Tabora. Kwa njia hiyo zilipelekwa nguo na shanga, na zikaletwa pembe pamoja na binaadamu waliouzwa utumwani, jambo la huzuni ambalo halifai kufichwa. Burton na Speke walipofika huko mwezi wa Februari 1858, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Baadaye waliweka makaazi yao hapo wakubwa wa biashara kama Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza.

Watu waliotoka pwani walizoea nyumba za mawe zenye sakafu juu. Ujiji hakuna matumbawe wala mikoko ya kukatia boriti. Wakajenga kwa kilichokuwepo, yaani tembe: kuta nene za udongo, miti ikalazwa juu yake, kisha fito na majani, na mwisho udongo ulioshindiliwa mpaka ukakamata. Mbele ya nyumba ya namna hiyo ndipo Stanley alipomkuta Dr. Livingstone mwaka 1871, na katika maelezo yake alilitaja baraza la udongo lililokuwa chini ya penu pana. Penu hilo halikuwa pambo. Liliyatupa maji mbali na ukuta, na bila ya hilo ukuta wa udongo haungeliweza kustahamili masika mengi.

Hata hivyo tembe ni nyumba ya nchi kavu. Dodoma, ambako Wagogo waliijenga kwa ustadi mkubwa, mvua ya mwaka ni kati ya milimita 500 na 600, na jua kali huukausha udongo baina ya mvua moja na nyengine. Kigoma mvua hukaribia milimita 1,000, nayo huanza kiasi cha mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Udongo unaokaa majimaji kwa miezi sita huota nyasi, mizizi hufungua njia, na miti iliyo chini huanza kuoza. Dawa iliyokuwa rahisi ni kuongeza udongo juu ya udongo. Kila mwaka paa likawa zito zaidi na miti inayolibeba ikawa dhaifu zaidi. Tabaka la udongo wenye unyevu la sentimita 20 lina uzito usiopungua kilo 300 kwa kila mita moja ya mraba, na uzito huo wote uko juu ya vichwa vya waliolala. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kadiri mabati yalivyopatikana ndivyo tembe zilivyopungua. Leo anayetembea Ujiji huona mabati takriban kila upande.

Habari hiyo ya Ujiji ina ndugu yake hapa Unguja. Sakafu za Mji Mkongwe zilijengwa juu ya boriti za mikoko, kwa vipande vya matumbawe na chokaa, zikapigwa kwa siku nyingi na makundi ya wafanyakazi walioshika vipande vya mti mikononi, huku nyimbo zikiwaongoza wapige kwa pamoja. Ilikuwa kazi ya heshima na ikidumu, kwa sharti kwamba chokaa itazamwe kila mwaka. Lakini Unguja hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Palipovuja, wengi waliongeza tabaka jipya la chokaa juu ya lile la zamani, na siku hizi tabaka la saruji. Maji yaliyokwisha kuingia yakafungiwa ndani. Yakatafuta ncha za boriti zilizozikwa ukutani, pahala ambapo jicho halifiki, na hapo ndipo kuoza huanzia. Ndiyo maana wenye nyumba wengi waliezeka mabati juu ya sakafu zao. Wapo wanaosema kwamba mabati hayo yameuharibia mji sura yake. Yumkini ni kweli, lakini bati hilo hilo limeziokoa nyumba nyingi ambazo sasa zingekuwa kifusi.

Hatari yenyewe haihitaji kukuzwa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Kuanguka kwa jengo kubwa huwa na sababu zaidi ya moja, na hapa si pahala pa kuzihukumu. Itoshe kukumbusha kwamba nyumba ndogo za vichochoroni hazina mlinzi anayezitazama wala gazeti litakaloandika kuhusu ufa uliozidi upana.

Sasa tuseme mtu ana nyumba ya zege, iwe Kigoma au Mwanakwerekwe, na sakafu ya juu inavuja. Jambo la kwanza ni kupanda juu wakati mvua inanyesha, au mara tu inapokatika, na kutazama maji yamesimama wapi. Tone la chumbani si shahidi mkweli, kwani maji huweza kuingia upande mmoja, yakafuata nondo au ufa, na yakatokea mita kadhaa upande wa pili. Dimbwi la juu ndilo husema kweli. Vile vile yatazamwe maungio ya sakafu na ukuta mfupi wa ukingoni, pamoja na pale linapopita bomba au waya. Mara nyingi katikati ya zege ni pazima kabisa, na uvujaji wote uko pembeni.

Wenye nyumba hawakisii ipasavyo wingi wa maji wanayoyashughulikia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo sakafu ya mita za mraba 100, ikipata mvua moja ya milimita 50, hupokea lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20. Maji hayo yote hutegemewa yapite kwenye mlizamu mmoja ambao kunguru ameujaza vijiti.

Kwa sababu hiyo kazi huanza kwa mwinamo. Sakafu inayoitwa bapa haitakiwi kuwa bapa kikweli. Yafaa ishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 60, maana yake sentimita 10 kwa urefu wa mita 6, kuelekea kwenye mlizamu. Mlizamu uwe mpana, na uwepo wa pili wa akiba, ili mmoja ukiziba maji yasigeuke tangi. Lakini hapa pana mtego ule ule wa Ujiji. Mwinamo ukitengenezwa kwa kumwaga saruji juu ya saruji, tabaka la sentimita 5 huongeza kilo 100 na zaidi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 huwa kimebebeshwa tani mbili na ziada. Tabaka la zamani lililolegea libanduliwe kwanza. Na ikiwa chini ni boriti za mikoko, asiongeze mtu hata ndoo moja kabla ya fundi mwenye ujuzi kuzichunguza ncha za boriti hizo. Tangi la lita 1,000 nalo lina uzito wa tani moja likijaa, na wengi huliweka juu bila ya kuuliza linabebwa na nini.

Baada ya mwinamo ndipo nyufa zipanuliwe, zisafishwe vumbi na zijazwe. Pembe za ukutani zizungushiwe saruji kwa mviringo, kwa sababu karatasi ya lami ikikunjwa kwenye pembe kali hupasuka. Lami au karatasi yake ipandishwe ukutani kiasi cha sentimita 15, si kuishia sakafuni, na juu ipakwe rangi nyeupe au chokaa ili jua lisiikaange. Saruji mpya imwagiliwe maji kwa siku saba, na lami isipakwe mpaka saruji hiyo imekauka barabara. Mchanga wa pwani ya bahari usitumiwe kabisa, kwani chumvi yake huila nondo. Mwenzetu wa Kigoma amesalimika na balaa hiyo kwa kuwa maji ya ziwa lake ni baridi.

Zipo pia nyumba za mtindo mpya ambazo bati lake limefichwa nyuma ya kuta fupi, hata mpita njia akadhani ni sakafu. Hazina penu, na maji yote hukusanyika katika mfereji ulio ndani ya ukuta. Mfereji huo usafishwe kabla ya kila msimu wa mvua, kwani ukifurika hufurikia ndani.

Wakati wa kazi, kwa Kigoma, ni baina ya Juni na Septemba. Kwa Unguja na Pemba ni kipupwe baada ya masika, au Januari na Februari. Kazi ikimalizika, mlizamu uzibwe, yamwagwe maji ya kina cha sentimita 2 au 3, yaachwe saa 24, na dari itazamwe kwa chini. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri mpaka hapo. Kwa nyumba zilizomo ndani ya eneo la Mji Mkongwe, kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kiombwe kabla ya fundi kupanda juu.