Nani Amelala Katika Kaburi la Askari Mtoto?



Wakazi wa Taveta na Voi wanayajua makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yaliyopangwa safu kwa safu. Ubelgiji nako yapo mengi ya namna hiyo. Moja, huko Poelcapelle, hutembelewa na watu wengi mno. Jiwe lake linasema hapo amelala John Condon wa Royal Irish Regiment, aliyeuawa tarehe 24 Mei 1915 akiwa na miaka 14.

Miaka 14 ni umri wa mwanafunzi wa Gredi ya 8. Siku hiyo Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, na wanaume wazima waliifia mahandakini. Haishangazi kwamba wageni husimama hapo wakalia.

Watafiti waliotaka kujua habari za mtoto huyo hawakuanzia kaburini. Walianzia kwenye vitabu vya vizazi vya Waterford, Ireland, alikotoka. Cheti kilisema alizaliwa mwaka 1896. Sensa za 1901 na 1911 zikakubaliana nacho. Basi alikufa akiwa na miaka 18: kijana mdogo bado, lakini si mtoto.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi. Mwili ule ulipatikana mwaka 1923, hauna jina. Kilichoutambulisha ni kipande cha kiatu chenye namba 6322 na maandishi 4/RIR. Namba 6322 ilikuwa ya Condon, kweli. Lakini herufi RIR zilitumiwa pia na kikosi kingine, Royal Irish Rifles, na huko alikuwepo Patrick Fitzsimmons, naye namba 6322, aliyepitia batalioni ya nne. Aliuawa Juni 1915 karibu na mahali mwili ulipookotwa. Condon aliuawa kilomita kadhaa kutoka hapo.

Jiwe halijabadilishwa. Waterford ilimjengea Condon mnara mwaka 2014, na si rahisi kuuambia mji mzima kwamba umekuwa ukimlilia mtu mwingine. Lakini Fitzsimmons naye alikuwa na mama. Jina lake limo ukutani Menin Gate, pamoja na maelfu ya wasiojulikana walikolala, na huenda kaburi analo miaka yote hii.

Huko wanaume wawili wanagombewa kaburi moja. Huku kwetu wapagazi wa Kariakoo, waliobeba risasi na chakula kupita Taveta hadi ng'ambo, wengi hawana hata moja. Mwaka 2021 ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi, na imekuwa ikitafuta majina hayo Kenya.

Watafiti wa Condon walikuwa na cheti, sensa mbili na kipande cha kiatu. Kwa mpagazi, mara nyingi kilichobaki ni bibi anayekumbuka kwamba babu mkubwa alichukuliwa na hakurudi. Aulizwe angali yupo: jina kamili, ukoo, kijiji, na aliondoka na nani. Kisha yaandikwe.