GANZI YA KIDOLE CHA MWISHO
(Hotuba kwa wanachama wa mashamba ya chai, Kericho na Bomet)



Leo hatusemi juu ya mishahara, twasema juu ya mkono. Bila mkono hakuna kilo, na bila kilo hakuna mshahara.

Wengi wetu twaijua ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Huletwa na mshipa wa fahamu upitao upande wa ndani wa kiwiko, pale ukijigonga wasikia kama umeme. Mara nyingi mshipa huo hubanwa kwa kukunja mkono sana au kuuegemea. Usiku funga taulo kiwikoni ili mkono ulale umenyooka. Wengi hupata nafuu hivyo.

Lakini ziko sababu nyingine, zisizo za kawaida. Kwanza, mfupa uliovunjika utotoni ukaunga umepinda: ganzi huweza kuja hata baada ya miaka 20. Pili, uvimbe mdogo wenye maji mazito kiungoni. Tatu, msuli wa ziada ambao watu wachache huzaliwa nao. Kwa hizi tatu, mara nyingi dawa ni upasuaji: daktari huondoa kinachobana, au huuhamisha mshipa mbele ya kiwiko.

Nne ni ukoma. Msishtuke. Haujaisha kabisa Kenya, nao huupenda mshipa huu: huvimba, na pengine huonekana baka la ngozi lisilo na hisia. Zamani wagonjwa walipelekwa Alupe, Busia. Siku hizi hutibiwa nyumbani kwa vidonge vya bure, miezi 6 au 12. Basi tusimcheke mwenzetu, maana aibu ndiyo imfanyayo ajifiche.

Hatari ni kungoja. Tumewaona wenzetu waliongoja mpaka nyama ya kiganja ikabonyea na vidole vikajikunja. Hapo hata upasuaji haurudishi nguvu yote, na kuchuma kumekwisha.

Kwa hiyo nenda zahanati mapema. Eleza ni vidole gani, tangu lini, na kama uliwahi kuvunjika kiwiko. Ukiambiwa ni uchovu tu na ganzi haiondoki, omba barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Kericho, au Tenwek, Bomet. Tunza kila karatasi. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, lakini bila karatasi chama hakina cha kuweka mezani.