Mshahara wa Askari Serikali Inapofungwa



Katika mazungumzo yetu ya haki na amani tumezoea kusema juu ya ujira wa kibarua wa shambani na wa mtumishi wa nyumbani. Safari hii twapenda tuutazame mshahara wa mtu ambaye ni mara chache tunamwonea huruma, yaani askari. Tena tutamtazama katika nchi ambayo wengi wetu hudhani haiwezi kukosa cha kumlipa: Marekani. Huko yawezekana askari afikiwe na siku ya mshahara asipate hata senti moja, ilhali Hazina ina fedha.

Chanzo chake ni Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787. Katiba hiyo yakataza fedha yoyote kutoka Hazina pasipo idhini ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Kuhusu jeshi inaongeza sharti jingine: fedha za jeshi la nchi kavu zisiidhinishwe kwa muda unaozidi miaka miwili. Walioandika hayo waliikumbuka historia ya Uingereza, ambako mwaka 1689 Bunge lilitangaza kwamba mfalme hana ruhusa ya kuweka jeshi wakati wa amani pasipo ridhaa ya Bunge. Waliogopa mtawala mwenye askari anaowalipa yeye mwenyewe, maana askari wa namna hiyo hawachelewi kuwa wake binafsi. Ndiyo sababu amri ya jeshi iliwekwa mikononi mwa Rais, na mfuko wa jeshi ukawekwa mikononi mwa wawakilishi wa watu.

Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba. Zamani Bunge likichelewa kuidhinisha bajeti, idara nyingi ziliendelea na kazi huku zikibana matumizi na kungoja. Mwaka 1980, na tena mwanzoni mwa 1981, Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alitoa tafsiri kali zaidi ya sheria: pasipo idhini kazi isimame, isipokuwa ile ya kulinda uhai na mali. Tangu hapo ugomvi wa bajeti umeweza kufunga ofisi. Mtumishi wa kawaida hurudishwa nyumbani. Askari habanduki kituoni. Hana ruhusa ya kugoma, hawezi kuandika barua ya kuacha kazi Ijumaa na kuondoka Jumatatu, na akiacha lindo lake atashitakiwa. Kazi yake yaendelea hali mshahara wake umesimama.

Mara kadhaa wanasiasa walimnusuru. Katika mvutano wa Rais Clinton na Bunge, ofisi zilifungwa mara mbili kati ya Novemba 1995 na Januari 1996, lakini bajeti ya ulinzi ilikuwa imekwisha kuwa sheria mwanzoni mwa Desemba 1995, hivyo mshahara wa jeshi ulipona katika mfungo ule mrefu wa pili. Mwaka 2013 Bunge lilitangulia kupitisha sheria ya kuwalipa wanajeshi, na Rais Obama akaitia sahihi tarehe 30 Septemba, saa chache kabla ya ofisi kufungwa. Katika Baraza la Wawakilishi ilipata kura 423, na hakuna hata mmoja aliyeipinga. Hata hivyo ilisahau wafu. Familia ya askari anayeuawa hupewa dola 100,000 mara moja, na malipo hayo yalisimamishwa. Familia za vijana waliouawa Afghanistan siku zile zilikwenda kupokea miili ya watoto wao huku zikijua kuwa fedha hizo hazitoki. Shirika la hisani likajitolea kuziba pengo hilo, mpaka sheria nyingine ilipotiwa sahihi tarehe 10 Oktoba.

Mwaka 2019 hapakuwa na wa kuziba. Walinzi wa Pwani ni wanajeshi kamili kwa sheria ya Marekani, lakini wakati wa amani wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wala si Wizara ya Ulinzi. Bajeti ya Ulinzi ilikuwa imepitishwa, ya Usalama wa Ndani haikupitishwa. Tarehe 15 Januari askari wapatao 42,000 hawakulipwa, na wenzao wa vikosi vingine walilipwa siku hiyo hiyo. Mkuu wao, Admirali Karl Schultz, aliwaambia kwamba kwa kadiri alivyojua halijapata kutokea jambo kama hilo katika historia ya majeshi ya nchi yao. Familia zilipanga foleni ya chakula cha msaada. Meli ziliendelea kwenda doria.

Sisi wa pande hizi jambo hilo latushangaza, maana tunayo kumbukumbu nyingine. Huko Zaire, Septemba 1991, askari waliochoka na mishahara duni isiyofika waliupora mji wa Kinshasa. Januari 1993 walilipwa, lakini kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo serikali ya Waziri Mkuu Tshisekedi ilikuwa imezikataa na Rais Mobutu akazitoa vivyo hivyo. Wachuuzi walipokataa kuzipokea, bunduki zikazungumza, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo balozi wa Ufaransa. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, aliwakataza kuwanyang'anya watu, akawataka watosheke na mishahara yao. Agizo hilo ladhani kwamba mshahara upo, tena ni wa halali. Mlinzi wa Pwani alipanda meli bila mshahara kwa kuwa aliamini sheria itamlipa. Askari wa Kinshasa hakuwa na sheria ya kuiamini.

Kwa sababu hiyo yaliyotukia mwaka 2025 yatutia mashaka kuliko ya 2019. Ofisi zilifungwa tarehe 1 Oktoba, na mfungo ukadumu siku 43, mrefu kuliko wote uliotangulia. Mswada wa kuwalipa wanajeshi ulikuwapo katika Baraza la Wawakilishi, lakini haukuletwa kupigiwa kura. Tarehe 11 Oktoba Rais Trump alimwagiza waziri wake atafute fedha popote, na dola zipatazo bilioni 8 zilizoidhinishwa kwa ajili ya utafiti zikahamishiwa kwenye mishahara. Tarehe 15 askari wakalipwa. Mwisho wa mwezi mafungu mengine yakachotwa. Tena tajiri mmoja alitoa dola milioni 130 kama zawadi. Zikigawanywa kwa wanajeshi milioni 1.3 walio kazini, kila mmoja hupata dola 100 hivi.

Tulifurahi kwamba watoto walikula, na asiyefurahi hajawahi kungoja mshahara. Lakini Marekani ina sheria ya tangu 1809 inayotaka fedha zitumike kwa kazi zilizoidhinishiwa tu, na wanasheria wengi walisema imevunjwa. Mkiondoa sharti hilo, askari atajua kwamba mwezi huu amekula kwa hisani ya mtu fulani, na hicho ndicho walichokiogopa watu wa 1787. Zawadi ya tajiri nayo, hata ikitolewa kwa moyo mwema, yafanya haki ionekane kama sadaka. Tena tuwatazame wasio na bunduki: waongoza ndege na wakaguzi wa viwanja vya ndege walioamriwa kufanya kazi bila malipo, ambao hawakutafutiwa fungu la namna hiyo. Wafanya usafi walioajiriwa na makampuni ya zabuni walikuwa na hali mbaya zaidi, kwa kuwa sheria ya 2019 inayowahakikishia watumishi wa serikali malimbikizo yao haiwataji.

Tarehe 23 Oktoba 2025 Seneti ilipigia kura mswada wa kuwalipa wote waliokuwa kazini, askari na raia. Ulipata kura 54 dhidi ya 45, nazo zilihitajika 60. Waliopinga walisema unawaacha waliorudishwa nyumbani, na unampa Rais nafasi ya kuchagua nani alipwe. Hoja hiyo si nyepesi. Wao walileta mswada wao wa kuwalipa wote, na upande wa pili ukauzuia. Waongoza ndege waliendelea kuziongoza ndege bila mshahara hadi sheria ya bajeti ilipotiwa sahihi tarehe 12 Novemba.