Matofali ya Jivu na Kifusi: Tupime Maji Kabla ya Kujenga

(Mazungumzo ya mhandisi wa ujenzi na wakazi, mkutano wa kata)



Nimeombwa nieleze kama matofali yaliyochanganywa na taka yanafaa kujengea. Swali ni la haki. Bei ya saruji mnaijua, na bonde hili la Usangu halikosi pumba za mpunga. Wachoma matofali huzitumia tanurini, kisha jivu hutupwa. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kununua tofali la namna hiyo, mwananchi aulize linakunywa maji kiasi gani.

Tofali lina vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo utambi, yakibeba chumvi. Ukuta ukikauka, chumvi hubaki usoni na kubandua rangi na plasta. Mwenye nyumba hupiga plasta upya, na masika yafuatayo hurudia gharama ile ile.

Taka nazo hazilingani. Jivu la pumba, kwa sehemu kubwa, ni silika. Likichomwa kwa moto wa wastani hadi likawa la kijivu, kisha likasagwa laini kama saruji, huungana na chokaa itokayo katika saruji na kuziba vinyweleo. Moto ukizidi nyuzi 700 hivi kwa muda mrefu, silika hugeuka fuwele na uwezo huo hupungua, hivyo jivu la tanuri moja si sawa na la jingine. Jivu jeusi lenye mkaa, au lisilosagwa, hufanya kinyume kabisa: hufyonza maji, fundi huongeza maji mengine ili mchanganyiko ulainike, na yakikauka huacha matundu. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Anayeanza asizidishe jivu. Sehemu moja badala ya moja kati ya kumi za saruji yatosha.

Kifusi cha zege kikipondwa huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya kokoto, ila saruji kuukuu iliyokishika hufyonza maji ya mchanganyiko. Kiloweshwe kwanza, kichujwe, ndipo kichanganywe. Vipande vya plastiki havinywi maji, lakini saruji haivishiki vizuri, na maji hupenya katika mwanya unaobaki. Vumbi la mbao ningeliepuka katika kuta za nje, kwani huvimba likilowa, husinyaa likikauka, na sukari za mti huchelewesha saruji kushika.

Sasa kipimo. Maabara hukausha tofali kwa joto la nyuzi 105 hivi. Nasi twaweza kulianika juani siku kadhaa, tukilifunika usiku, hadi uzito usipungue tena. Lipimwe, lizamishwe katika maji kwa saa 24, litolewe, lifutwe kwa kitambaa, lipimwe tena. Tofali la kilo 20 likifika kilo 22, limekunywa kilo 2, yaani asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Kwa kulinganisha, viwango vya India havitaki tofali la zege lizidi asilimia 10 kwa wastani, na tofali la kawaida la udongo wa kuchoma asilimia 20. Mimi tofali la saruji linalozidi 10 nisingeliweka katika msingi wala ukuta wa choo. Ukuta wa ndani, juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, ni shauri jingine.

Vikundi vinavyojiandaa kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri viweke daftari la vipimo hivi, matofali matatu kwa kila mchanganyiko. Mizani ya kupimia mpunga mashineni inafaa, mradi tofali lote lipimwe kwa mizani ile ile mara zote mbili.