Kuuzunguka Mlima Kenya kwa Baisikeli

Katika makaburi ya Nyeri liko jiwe lililochorwa duara lenye nukta katikati. Hapo amezikwa Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari, 1941. Kwa maskauti alama hiyo maana yake ni kwamba mtu amekwenda nyumbani. Kijana atakaye kuuzunguka Mlima Kenya kwa baisikeli yafaa aitazame kabla ya kuondoka, kwa kuwa safari yake nayo ni duara: huanzia Nyeri na kuishia Nyeri, na shabaha yake kubwa ni kurudi nyumbani salama.

Duara hilo lina zaidi ya kilometa 300. Msafiri aliyechukua hema na blanketi yampasa kutenga siku tano au sita. Kutoka Nyeri hupita Karatina na Kerugoya, akateremka Kutus na kufika Embu. Kisha huishika njia ya Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu mpaka Meru. Hupanda Timau penye mashamba ya ngano, hushuka Nanyuki, na kurejea kwa njia ya Naro Moru. Ikweta huivuka mara mbili, karibu na Meru na tena Nanyuki. Miezi ya Januari na Februari ndiyo mizuri, kwa kuwa mvua ni haba, ingawa usiku baridi ni kali.

Wengi huogopa kupanda. Lakini kupanda huchosha miguu tu, na aliyechoka aweza kushuka akaikokota baisikeli yake. Hatari imo katika mteremko. Kati ya Embu na Meru mito itokayo mlimani imechimba mabonde marefu, na barabara huteremka katika kila bonde, ikavuka daraja, ikapanda tena. Penye daraja la Nithi, mwezi wa Julai 2022, basi lilianguka bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Mahali kama hapo si pa mwenye baisikeli kuyaachia magurudumu yakimbie yapendavyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa nyumbani. Mipira ya breki iliyolika na ibadilishwe, na waya ulioanza kukatika nyuzi usiachwe. Mzigo mzito ufungwe chini, sawa pande zote mbili, kwani mzigo wa juu huiyumbisha baisikeli penye kona. Katika mteremko breki hubanwa kabla ya kufika konani, kisha huachiwa kidogo, halafu hubanwa tena. Breki za mpira zikibanwa mfululizo huitia rimu joto, na joto hilo laweza kuipasua tyubu. Penye mteremko mrefu msafiri na asimame kando ya njia, rimu ipoe.

Itimiapo saa kumi ya jioni, na atafute mahali pa kulala, asije akakutwa barabarani na giza. Hema halipigwi katika shamba la mtu bila idhini. Msafiri humwendea mwenye boma, au mwalimu mkuu wa shule, au chifu, akaamkia na kueleza atokako na aendako. Wahenga walisema: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Ombi la adabu mara nyingi hupata kiwanja, maji, na pengine kikombe cha chai.

Msituni hapalaliwi bila ruhusa ya wenye kuuhifadhi. Humo mna tembo na nyati. Upande wa Timau imejengwa hata njia ya tembo kupita chini ya barabara kuu, nao wameitumia tangu 2011. Moto nao uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe, maana mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima huo.

Mwisho, breki zikiharibika Chuka na fundi asipatikane, si aibu kuipakia baisikeli juu ya matatu. Mlima upo, nao utangoja mwaka mwingine. Aliyeufikisha mwili wake mzima kwa mamaye ndiye aliyelikamilisha duara.